Rekebisheni Kitasa, Chandarua Changu Kiacheni

Mimi ni mtu wa masasisho. Steshenari yangu iko Morogoro, hatua chache kutoka stendi ya Msamvu, na mteja akiniletea kompyuta mpakato inayofungua kurasa za ajabu, kabla sijaigusa namuuliza aliisasisha lini mara ya mwisho. Wengi hawakumbuki. Huwa nawasimulia kisa cha Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za umma Uingereza hadi miadi ya wagonjwa ikafutwa. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba tundu lile tangu Machi mwaka huo huo, na mashine nyingi zilizopigwa ni zile ambazo hazikuwa zimewekewa. Kwa hiyo asije mtu akadhani nawashauri watu wazime masasisho. Nayataka, na nayataka yaje haraka. Ninachokipinga ni kampuni kuyatumia masasisho hayo kuingia kwenye kompyuta yangu na kuzima kitu nilichokiweka kwa hiari yangu, bila kuniuliza na bila kuniachia njia ya kukiwasha.

Nazungumzia viendelezi, zile programu ndogo ambazo mtu huzipachika kwenye kivinjari ili kifanye kazi ambayo hakikutengenezwa nayo. Kimoja hutafsiri ukurasa, kingine hutunza nywila, kingine huzuia matangazo. Dukani kwangu kilichokuwa muhimu kuliko vyote ni hicho cha kuzuia matangazo. Wateja wetu ni watu wenye haraka. Mwanafunzi anataka barua yake ya Word igeuzwe PDF, mwombaji kazi ana picha ya pasipoti nzito kuliko mfumo wa maombi unavyoruhusu, mwingine anataka kurasa alizoskani ziunganishwe ziwe faili moja. Tovuti za bure za kufanya hayo zipo tele, na nyingi zimezungushiwa vitufe vya kupakua vitatu au vinne, vyote vikubwa, vyote vya kijani, na kitufe cha kweli ni kile kidogo cha chini chenye maandishi ya kijivu. Hivyo vingine ni matangazo. Ukivibonyeza unaletewa programu usiyoijua, au kisanduku kinachoomba ruhusa ya kukutumia arifa, na ukiruhusu tu kompyuta inaanza kukwambia kwamba ina virusi na ulipie viondolewe. Kiendelezi kile kilivifuta vyote, kikabaki kitufe kimoja. Kilituokolea bando pia, maana video za matangazo hazikupakuliwa kabisa, na mwenye steshenari yeyote anajua bando lina uzito gani kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.

Kilizimwa katikati ya msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, wakati ambao foleni huanza kabla sijafungua mlango. Baba mmoja alikuwa amefika na binti yake kutoka Gairo. Fomu ilikuwa imeshasainiwa na viongozi wa kwao na kupigwa mhuri wa mwanasheria, imebaki kuskaniwa na kupakiwa kwenye mfumo. Kijana anayenisaidia alifungua tovuti ile ile tunayoitumia kila siku kupunguza uzito wa faili, akabonyeza pale alipozoea kubonyeza. Ukurasa ukahama. Ukafunguka mwingine, kisha mwingine, mmoja una video inayojicheza kwa sauti. "Dada, njoo uone, mbona leo iko hivi?" akaniita. Yule baba aliinama karibu na kioo, akauliza taratibu, "Mama, fomu ya mtoto haijapotea?" Haikuwa imepotea. Lakini watu wote waliokuwa nyuma yake walisubiri huku nikifunga kurasa, nikiondoa programu iliyojipakua, na kukagua kama kuna kingine kilichoingia kwenye mashine ambayo watu wanaingizia namba zao za NIDA na vyeti vyao vya kuzaliwa.

Nilipofungua orodha ya viendelezi nilikikuta palepale, kimepauka, kando yake kuna ujumbe kwamba hakitumiki tena na kwamba nikiondoe. Swichi yake ilikuwa haisogei. Nikatazama namba ya toleo la kivinjari, nikakuta imepanda tangu jana. Ndani ya sasisho lile mlikuwa na viraka vya usalama ninavyovihitaji, na humo humo mlikuwa na uamuzi wa kukizima kiendelezi changu. Sikuweza kuchukua kimoja nikaacha kingine. Kurudi kwenye toleo la zamani kungeniachia matundu ambayo wadukuzi wameshayajua, na kubaki na jipya kuliniachia kurasa zilizojaa mitego. Ni kama umemwita fundi akurekebishie kitasa cha mlango, naye akaondoka na chandarua chako, na ukimuuliza anakwambia hiyo yote ni kazi moja.

Mabadiliko makubwa zaidi ya aina hii ni yale ambayo Google wameyafanya kwenye Chrome, na kumbukumbu zake ziko wazi. Mwaka 2018 walitangaza utaratibu mpya wa kutengeneza viendelezi, uitwao Manifest V3. Chini ya utaratibu wa zamani, kiendelezi kiliweza kusimama njiani na kukagua kila ombi linalotumwa na kivinjari, kisha kuamua papo hapo lipite au lizuiwe. Chini ya utaratibu mpya kiendelezi hukabidhi orodha ya kanuni mapema, na kivinjari chenyewe ndicho kinachozuia. Mwanzoni mwa 2019 ilipojulikana kwamba orodha hiyo ingekomea kanuni 30,000, watengenezaji wa vizuia matangazo walipiga kelele, akiwemo Raymond Hill aliyetengeneza uBlock Origin, na kikomo kikapandishwa. Safari yenyewe lakini iliendelea. Juni 2024 maonyo yakaanza kuonekana kwenye matoleo ya majaribio. Oktoba mwaka huo viendelezi vya zamani vikaanza kuzimwa kwa watumiaji wa kawaida, ingawa kwa muda mtu aliweza kuviwasha tena kwa mkono wake. Katikati ya 2025 mlango huo nao ukafungwa. Kwenye Chrome peke yake, uBlock Origin ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 30. Hill ametengeneza toleo jepesi linalokubalika chini ya utaratibu mpya, na mwenyewe ameeleza kwamba halina uwezo wote wa lile la kwanza.

Google wana hoja ya usalama, na si ya kupuuzwa. Kulikuwa na kiendelezi kinaitwa The Great Suspender, kilichokuwa kikilaza vichupo visivyotumika ili kompyuta ipumue. Watu zaidi ya milioni 2 walikuwa nacho. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza kwa mnunuzi asiyejulikana, na Februari 2021 Google wakakiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu kwa sababu kilikuwa kimetiwa msimbo hatari. Desemba 2024, mkesha wa Krismasi, mfanyakazi wa kampuni ya Cyberhaven alihadaiwa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka kwenye duka la viendelezi la Chrome. Wezi wakapata ufunguo, wakatoa toleo lenye sumu la kiendelezi chenye watumiaji wapatao 400,000, na mfumo wa kujisasisha wenyewe ndio ulioibeba sumu hiyo hadi kwenye mashine za watumiaji hao. Kiendelezi cha namna hiyo kizimwe usiku huo huo, tena nisiulizwe. Hapo sina ubishi hata kidogo.

Ila uBlock Origin haikutuhumiwa kuiba chochote. Ilizimwa kwa kuwa imejengwa kwa utaratibu uliopitwa na wakati, na kosa la namna hiyo si la kumwingilia mtu usiku. Halafu kuna jambo moja ambalo Electronic Frontier Foundation ya Marekani ilililalamikia waziwazi na ambalo nami linaniuma zaidi kadiri ninavyoielewa teknolojia yenyewe: utaratibu mpya umeondoa uwezo wa kiendelezi kuzuia maombi papo hapo, lakini uwezo wa kuyatazama maombi hayo umebaki. Mtu aliyetengeneza kiendelezi cha kupeleleza kurasa ninazozitembelea, akipewa ruhusa, bado anaweza kutazama. Aliyebanwa ni yule aliyekuwa akinikinga. Mwaka 2023 matangazo yaliiletea kampuni mama ya Google, Alphabet, dola bilioni 237.9 kati ya mapato yake yote ya dola bilioni 307.4. Sidai kwamba najua yaliyozungumzwa ndani ya vikao vyao. Nasema kampuni ambayo zaidi ya robo tatu ya mapato yake yanatokana na matangazo isiachiwe peke yake kuamua ni kizuia matangazo gani kitaruhusiwa kwenye kompyuta yangu.

Gazeti hili pia linaishi kwa matangazo, na mhariri anayenipa nafasi hii analipwa kwa fedha hizo. Nalijua hilo na naliheshimu. Kwenye kiendelezi changu nilikuwa nimeziruhusu tovuti za magazeti ya nchini zionyeshe matangazo yake, kwa sababu tangazo la benki au la saruji kando ya habari halimdhuru mtu. Huo ndio uhuru ninaouzungumzia. Mwenye kompyuta aliamua nani aingie na nani abaki nje, na uamuzi wake ulikuwa na haki ndani yake.

Kuna kipengele kingine cha mpango ule wa Chrome ambacho magazeti mengi hayakukigusa. Mashirika yanayosimamia kompyuta za wafanyakazi wao yalipewa mpangilio maalumu wa kuendelea kutumia viendelezi vya zamani hadi Juni 2025. Yaani iliwezekana. Kampuni yenye idara ya teknolojia iliweza kupata sasisho la usalama leo, na kiendelezi chake kikabaki hai hadi itakapojipanga. Mwenye steshenari, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa bodaboda anayesoma leseni mpya usiku, hao hawakuwekewa swichi hiyo mbele yao. Kama ni hatari isiyovumilika, ilivumilikaje kwa mashirika? Na kama ilivumilika, kwa nini mimi nisipewe miezi ile ile ya kutafuta njia mbadala, niwafundishe vijana wangu, nijaribu kivinjari kingine msimu ukiwa umepoa?

Wapo watakaosema dawa ni kuhamia kwa wasio na biashara ya matangazo. Inasaidia, ila tatizo liko ndani zaidi ya biashara. Mozilla, wenye Firefox, wako chini ya taasisi isiyogawana faida, na wametangaza kwamba wataendelea kuvipokea viendelezi vya utaratibu wa zamani sambamba na vipya. Hata hivyo alfajiri ya Jumamosi, Mei 4, 2019, kwa saa za kwetu, viendelezi vya Firefox vilianza kuzimika duniani kote. Hapakuwa na mdukuzi. Mozilla walikuwa wameweka sharti kwamba kila kiendelezi kiwe na saini yao ya kidijitali, ili kuwazuia wale waliokuwa wakiingiza takataka kwenye vivinjari vya watu, na cheti kimojawapo kinachothibitisha saini hizo kilikuwa kimeisha muda bila kuhuishwa. Kivinjari kilikagua saini takribani kila baada ya saa 24, kikaona cheti kimekufa, kikazima kila kitu. Hata aliyekuwa amezima masasisho hakupona, kwa kuwa ukaguzi ulikuwa umeshajengwa ndani.

Tazama kilichofuata, maana somo lote liko hapo. Tangu Agosti 2016, toleo la 48, Firefox ya kawaida ilikuwa imeondolewa swichi ya kulegeza sharti la saini, kwa hiyo mtu wa kawaida alikaa akisubiri. Tiba ya kwanza ilipitishwa kwenye mfumo wa majaribio ambao ulimtaka mtu akubali kutuma takwimu za matumizi yake kwa Mozilla. Waliokuwa wamezima takwimu hizo ni hasa wale wanaojali faragha, na sasa walitakiwa kuziwasha ili wapone. Kwa heshima yao, Mozilla waliomba radhi, wakaeleza kosa lote hadharani na kutangaza kwamba watazifuta takwimu zilizokusanywa katika siku hizo. Sasa linganisha na Tor Browser, kivinjari kilichojengwa juu ya Firefox na kinachotumiwa, miongoni mwa wengine, na waandishi wa habari na watetezi wa haki wenye sababu nzito za kujificha. Humo kilizimika NoScript, kiendelezi kinachozuia misimbo ya kurasa isijiendeshe. Kwao hilo si usumbufu wa vitufe vya kijani. Mtu anaweza kufichuka alipo. Lakini kwenye Tor Browser swichi ile ilikuwa haijaondolewa. Tor Project waliwaelekeza watumiaji waizime kwa muda, kinga yao ikarudi, na toleo jipya lilipotoka wakaiwasha tena. Swichi moja iliyoachwa mahali pake iliwatosha.

Nikiyasema haya kuna rafiki zangu mafundi wanaonijibu kwamba watumiaji hawana uelewa: ukiwapa swichi wataizima, wataingiliwa, halafu watalaumu kivinjari. Hofu hiyo naielewa, nakutana na watu hao kila siku. Ndiyo maana siombi swichi iwe wazi tangu mwanzo. Masasisho ya usalama yaje yenyewe, kwa wote, bila kumsubiri mtu. Kinachozima kiendelezi kisicho na hatia kije peke yake, kwa taarifa ya mapema inayoeleweka, kwa Kiswahili pale ambapo kivinjari tayari kina menyu za Kiswahili, na kiweze kuahirishwa. Atakayeamua kuendelea na kiendelezi cha zamani aonywe kwa maneno mazito, asaini uamuzi wake kwa kubonyeza, kisha aachwe.

Wala si ndoto. Firefox wana toleo la muda mrefu, ESR, ambalo kwa takribani mwaka mzima hupokea viraka vya usalama huku sura na mwenendo wake vikibaki vilevile. Nimeliweka kwenye kompyuta za dukani. Mbili kati ya hizo ni za zamani, bado ziko kwenye Windows 7, ambayo Chrome iliacha kuihudumia mwanzoni mwa 2023, na kwa mashine za aina hiyo Mozilla waliamua kuongeza muda wa kutoa viraka vya ESR 115 kupita tarehe waliyokuwa wamepanga. Kutenganisha kiraka na mabadiliko ni kazi, inagharimu wahandisi na fedha, ila inafanyika, na anayeifanya si tajiri kuliko wote katika biashara hii.

Umoja wa Ulaya umeshaandika jambo hili kwenye sheria. Kanuni yao namba 2024/2847, kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, ilianza kuwa sheria Desemba 10, 2024, na masharti yake makuu yatawabana watengenezaji kuanzia Desemba 11, 2027. Inataka masasisho ya usalama yatolewe kando na yale ya kubadili utendaji, pale inapowezekana kiufundi. Inataka pia mtumiaji awe na njia rahisi ya kukataa masasisho yanayojiweka yenyewe, na nafasi ya kuyaahirisha kwa muda. Vivinjari vimetajwa humo miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kuangaliwa kwa ukaribu zaidi.

Sisi hatuna kifungu kama hicho. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, tuna TCRA, tuna Tume ya Ushindani yenye jukumu la kumlinda mlaji, na Kenya na jirani wengine wana vyombo vya namna hiyo. Navishauri vyombo hivi vikae pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na viandike barua moja kwa kampuni za vivinjari kabla ya Desemba 2027, kwa sababu tumeshaona yanayotokea soko dogo likinyamaza. Machi 2024 Apple walipobanwa na sheria ya Ulaya kuruhusu maduka mengine ya programu kwenye iPhone, walifungua mlango kwa walioko ndani ya Umoja wa Ulaya tu. Simu ile ile mkononi mwa Mtanzania ilibaki kama ilivyokuwa. Kazi ya kutenganisha kiraka na mabadiliko itakuwa imeshafanywa kwa ajili ya wateja wa Lisbon na Berlin, na kuifikisha Msamvu hakutahitaji mhandisi mwingine. Barua hiyo iwaulize kampuni jambo moja, na iwape tarehe ya kujibu: je, swichi mtakayomwekea Mreno mtaiacha itumiwe na watu wa huku pia, au mtaifunga kwa kuangalia nchi aliyoko mtu?